Dereva wa Buteba na Malkia Saba

Jambo lote kwa jumla lilinigharimu rola ishirini na nne za nywele, pazia moja la neti, blauzi ya kitenge iliyoungua mkono wa kushoto, siku tatu za soko, na miiba kumi na saba ya nyuki. Miiba niliihesabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili mbele ya kioo, kwa sababu kidole cha mtu mwenye maumivu hakiaminiki. Ikatoka kumi na saba mara zote mbili. Faida bado naitafuta. Naandika hapa labda itajitokeza kwenye karatasi.

Mtu mwenyewe sote tulimwita Dereva. Gari hakuwa nalo. Hata baiskeli hakuwa nayo. Aliendesha malori kutoka Mombasa kuja huku na kupita, kwa miaka ambayo kila alipoitaja ilikuwa imeongezeka au kupungua, halafu siku moja akashuka, akarudi kwenye shamba lake Buteba, akaanza kufuga nyuki. Si biashara. Hilo nililiuliza mapema.

"Najiburudisha tu," alinijibu, kwa uso wa mtu anayejiburudisha na malaria.

Mimi nauza vitu vya saluni Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka pale malori yanapopanga foleni. Nywele za kusukia, nyuzi, mafuta, vitana, rola; mteja akitaka, namsuka hapo hapo. Wateja wangu ni wanawake, pamoja na wanaume waliotumwa na wanawake, ambao huwajua kwa kikaratasi walichokishika kama cheti cha hospitali. Kwa hiyo siku mzee mwenye kofia ya sufi aliposimama mbele ya meza yangu bila kikaratasi, akachomoa njiti ya kiberiti na kuanza kupima matundu ya rola zangu, nilijua huyu hakutumwa na mtu yeyote mwenye nywele.

"Hii ya njano iko sawa," akasema. "Ile ya bluu matundu ni makubwa. Atapenya."

"Nani atapenya?"

"Malkia."

"Mzee wangu, ni malkia gani huyo mwenye kichwa cha kupenya kwenye tundu la rola?"

"Bei gani?"

Nikamtajia. Akataja nusu. Nikamwambia rola huuzwa kwa pakiti, kumi na mbili, wala hazivunjwi. Akasema anataka mbili. Nikamwambia hakuna kichwa duniani kinachotengenezwa kwa rola mbili. Akasema hata kichwa chenyewe hakihusiki. Mimi nimebishana bei na watu wa Mbale, na wa Bungoma, na mama mmoja wa Nagongera ambaye siku ya soko husikika kabla hajaonekana. Sijawahi kukalishwa karibu saa nzima na mtu anayetaka rola mbili. Mwishowe nilifungua pakiti. Akalipa alichotaka yeye, akashukuru, kisha akatoa kwenye mfuko wa koti kipande cha sega kilichofungwa kwa jani la mgomba, akakiweka juu ya meza na kuondoka. Asali ile ilikuwa na thamani mara nne ya alichonikata.

Nilikuja kugundua kwamba hiyo ndiyo namna yake. Anakushinda kwenye bei, halafu anakushinda tena kwenye zawadi, unabaki umesimama na hasira isiyo na pa kwenda.

Mambo ya nyuki aliyaeleza kwa lugha ya lori, na ukimwambia huelewi, anarudia kwa lugha ya lori tena ila polepole. Kundi lenye nguvu lilikuwa "lina injini." Kundi dhaifu lilikuwa "linapanda mlima na gia ya nne." Malkia hakuwa dereva, alinionya nilipobahatisha. Malkia ni tangi la mafuta. Wanaoendesha ni vibarua. Mizinga yake minne aliipa majina ya vituo alivyokuwa akilala njiani. Voi ulikuwa mvivu. Salgaa ulijaa kila mwaka na kuhama kila mwaka. Mtito ulikuwa mpole kiasi kwamba aliufungua bila glavu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Na Mariakani. Hapo zamani ndipo alipopimwa mzigo na kugombana mara nyingi kuliko popote, basi mzinga wenye nyuki wakali kuliko wote ukaitwa hivyo. Nyuki wa Mariakani walikuwa wakitoka nje kumfuata mtu aliyekohoa barabarani.

"Foleni haina mkubwa" ulikuwa msemo wake, na aliutumia kwa kila jambo, hata pasipo na foleni. Alisema amewahi kulala siku tatu mpakani akisubiri karatasi moja igongwe muhuri, na kwamba mtu aliyelala siku tatu kwenye foleni hawezi kutishwa na mdudu. Kweli hakutishwa na mdudu. Lakini kuvuka barabara aliogopa. Mtu aliyevuka mpaka na tani thelathini kila wiki alisimama ukingoni kama kuku, akinishika mkono, akisema, "Hawa vijana hawajui kuendesha." Akipanda boda alimwelekeza mwenye boda kwenye kila kona, mpaka mmoja alisimama katikati ya njia akamwambia, "Mzee, shika wewe usukani basi, mimi nakuwa abiria." Akakataa. Leseni yake ilikuwa imekwisha muda.

Asali hakuila. Hili liliniudhi kuliko yote. Ukienda kwake anakutilia chai, halafu anatoa mkebe wa sukari aliyonunua dukani, anaweka vijiko vitatu, wakati nyuma ya ukuta kuna ndoo mbili za asali zimefunikwa. Nilipomuuliza akasema asali inampa kiungulia.

"Sasa unafuga nyuki kwa nini?"

Akanywa chai. Akasema nyuki ni wazuri.

Jibu lenyewe nililiona siku nyingine, aliponituma chumbani kwake kuleta miwani. Kitanda chake kilisogezwa kikagusa ukuta wa nyuma, na upande wa pili wa ukuta huo, chini ya upenu, ndipo mizinga yote minne ilipokaa. Nikiwa nimeinama kutafuta miwani nilisikia mngurumo ukipita kwenye matofali, mnene, usiokatika, kama lori lililosimama injini ikiwaka. Mto wa kulalia ulikuwa upande huo huo. Mtu aliyelala maisha yake yote ndani ya mngurumo hawezi kulala kwenye kimya cha Buteba. Nilimpelekea miwani. Kuanzia hapo nikajua mizinga ile ikiondolewa, nani atakosa usingizi.

Na ilikuwa karibu kuondolewa.

Jirani yake, mzee mwenzake, alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya ua wa mizinga kwa sababu hapo nyasi zilikuwa nzuri. Kwa nini nyasi zilikuwa nzuri? Kwa sababu hakuna mnyama mwenye akili aliyekwenda kula pale. Mbuzi akapiga nguzo kwa pembe, Mariakani wakatoka, na mbuzi akafa kabla kamba haijakatwa. Jirani akamshtaki Dereva, Dereva akamshtaki mbuzi, na mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao. Nilikuwepo, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimekwenda kudai pesa ya pakiti ya rola aliyonivunjisha, nikajikuta nimepewa kiti.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "hii nyuki yako imeua mbuzi ya mtu. Kesho itaua mtu. Mimi nakupa mpaka watu wavune mahindi. Ikikuwa bado mkali, unatoa yote. Si hiyo moja. Yote."

"Watakuwa wapole," Dereva akasema.

Watu wakacheka. Jirani akacheka kuliko wote. "Utawapeleka shule?" akauliza.

"Nitawabadilishia mama."

Hapo ndipo rola zilipopata kazi. Alinieleza tukirudi, na kwa mara ya kwanza nilielewa, kwa sababu ilikuwa hesabu. Kundi zima ni watoto wa malkia mmoja. Kibarua haishi hata miezi miwili. Ukimwondoa malkia wa Mariakani ukaweka binti wa Mtito, wale wakali watakufa kwa uzee mmoja mmoja, na watakaozaliwa badala yao ni wajukuu wa yule mpole. Hujamfundisha mtu adabu. Umesubiri tu.

"Foleni," nikasema.

"Umeanza kuelewa gari," akasema.

Binti wa malkia hapatikani sokoni. Hulelewa. Unachukua mtoto wa nyuki wa Mtito ambaye hajamaliza siku moja tangu kuanguliwa, mdogo kuliko nukta, unamhamisha kwenye kikombe cha nta, unakitundika ndani ya kundi lisilo na malkia. Kundi yatima humlisha chakula cha kifalme, na yule ambaye angekuwa kibarua anakuwa malkia. Dereva alikuwa na vikombe, alikuwa na kisanduku cha mayatima, alikuwa na mvua iliyoanza kupungua na maua kila mahali. Macho ndiyo hakuwa nayo. Alijaribu mwenyewe mara mbili kwa njiti iliyochongwa, na mara zote mbili alihamisha hewa.

"Wewe unasuka nywele," akaniambia. "Vidole vyako vinaona."

"Vidole vyangu vinalipwa."

"Nitakupa asali."

"Asali nimechoka nayo."

Nilikwenda. Siku ya soko, kwa kujua kabisa. Nikakaa chini ya upenu na pazia langu la neti kichwani, sega mapajani, sindano ya kusukia iliyopondwa ncha mkononi, nikahamisha watoto kumi na wanne. Nikawahesabu tena: kumi na wanne. Dereva alisimama nyuma yangu akipumua sikioni na kusema "polepole, polepole, kuna kona," mpaka nikamwambia akisema kona tena nitamhamisha yeye. Siku tano baadaye tulitazama. Tisa walikuwa wamekubaliwa. Vyumba tisa vya malkia vilining'inia kwenye ubao kama karanga zenye maganda, kwa mikunjo ileile, ungesema zimetoka shambani kwa mtu.

Kisha hatari yake. Malkia wa kwanza kutoka huwatafuta wenzake ambao bado wamo vyumbani, na kuwachoma mmoja mmoja kupitia ukutani. Ukichelewa, unakuta mmoja aliye hai na wanane waliokufa, na huyo mmoja huenda asirudi kutoka kwenye safari yake ya kujamiiana. Dawa yake ni kuvivalisha vyumba rola za nywele kabla hawajatoka, kila kimoja na yake. Malkia anatokea ndani ya rola, hawezi kupenya, vibarua wanamlisha kupitia matundu. Lazima iwe ya njano. Kitabu alichokuwa nacho Dereva kilisema watatoka siku ya kumi na mbili.

"Nyuki wetu hawajasoma hicho kitabu," alisema. "Hawa hutoka ya kumi na moja."

Basi tukapanga kuvalisha siku ya kumi, jioni. Tulibishana sana kuhusu siku ya kumi ni lini, kwa sababu yeye alihesabu siku ya kuhamisha kuwa ya kwanza. Nikamwambia mtu akikopa leo hadaiwi siku moja leo. Akakubali, kwa shida.

Siku ya tisa, alasiri, nikiwa kwake nimeleta pakiti mbili za rola, tulisikia ukunga kutoka kwa jirani. Mzee wa mbuzi alikuwa amefariki. Alikuwa akiugua tangu zamani, mbuzi hakuhusika.

Dereva akavua kofia. Halafu akasema, "Hatufungui."

"Hatufungui nini?"

"Mzinga. Kijiji kina maiti."

Desturi naijua. Kijijini kukiwa na mtu aliyelala hajazikwa, jembe haliingii ardhini, na atakayelima hutozwa. Mazishi yalikuwa yanamsubiri mtoto wao atoke Mombasa. Baada ya siku tatu, walisema; kwa hesabu yetu ya malkia, siku ya kumi na mbili. Nilihesabu. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

"Mzee, katazo ni la jembe. Hapa pana jembe?"

"Kazi ni kazi."

"Si ulisema unajiburudisha?"

"Basi ni mbaya zaidi. Mtu ajiburudishe jirani yake akiwa amelazwa ndani?"

"Ng'ombe hawakamwi?"

"Ng'ombe ataumia asipokamwa."

"Na malkia? Wa kwanza akitoka atawaua ndugu zake wote wanane!"

"Hiyo ni desturi yao," Dereva akasema. "Hii ni yetu."

Nilizunguka ua mzima nikarudi. "Huyu ndiye aliyetaka mizinga yako iondolewe. Ndiye aliyekucheka mbele ya watu."

"Ndiyo maana," akasema. "Wakiona moshi kwangu leo, watasema nasherehekea." Akaenda kuchukua koti lake la mazishi.

Mtu mwenye busara angerudi Busia na rola zake. Lakini mimi siwezi kuvumilia kitu kilichohesabiwa mara mbili kipotee chote kwa mara moja. Asubuhi ya siku ya kumi nilipanda boda na mfuko wa rola, pazia begani. Mwenye boda alinitazama. "Nyabo, mama, nakupeleka kwa matanga ama kwa harusi?"

Dereva alikuwa amekaa kwa jirani na wazee tangu alfajiri, kama nilivyotarajia. Nikaingia uani mwake, nikajaza bomba la moshi magunzi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nikawasha. Upepo haukuwepo. Moshi ukapanda juu moja kwa moja, mweupe, mrefu, kama tangazo. Nikafungua kisanduku cha mayatima. Nikavalisha moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne cheche ilitua kwenye mkono wa blauzi, nikapiga mkono, nikapiga nyuki. Kuanzia hapo sitaki kueleza. Nilivalisha zote tisa. Nasema hivyo kwa fahari, kwa sababu za mwisho tatu nilizivalisha nikiwa na nyuki ndani ya pazia. Nikafunika kisanduku, nikaacha pakiti zote, nikakimbia katikati ya karanga za watu.

Upande wa pili wa shamba nilikutana uso kwa uso na wanawake waliobeba maji ya matanga. Nikiwa nimevimba. Machozi yananitoka kama bomba lililopasuka, kwa sababu mwiba kwenye kope hauna subira.

"Pole, mwanangu," mkubwa wao akasema, akatua ndoo. "Pole sana. Umetoka mbali?"

"Busia," nikasema.

Wakanishika mikono miwili wakanipeleka. Ningefanya nini? Kueleza ningeeleza moshi. Niliingizwa kwenye ua wa marehemu, na hapo maumivu yalipozidi nikapiga kelele, na kelele ile ikaitikiwa na wanawake wote, na tukalia kwa pamoja. Mimi nililia kuliko wote. Nilisikia mtu akinong'ona nyuma, "Huyu ni nani?" na mwingine akajibu, "Atakuwa mtoto wa nje. Tazama uso, ni wa marehemu mtupu."

Dereva alikuwa amekaa na wazee chini ya turubai. Alinitazama. Akautazama mkono ulioungua. Akatazama juu, upande wa kwake, ambako moshi ulikuwa bado unasita kuondoka. Akafumba macho kama mtu aliyesikia gurudumu likipasuka nyuma ya lori lake.

Mjane ndiye aliyeniketisha. Mama mdogo wa umbo, mkavu, asiye na maneno. Aliniletea chai na kitambaa cha maji. Aliponipangusa uso alisimama kwenye paji, akauchomoa mwiba mmoja kwa kukwangua na ukucha, si kwa kuubana, kama wanavyofanya wajuao. Akautazama kwenye ncha ya ukucha. Akanitazama. Akautupa motoni, akaenda kuwagawia wengine chai.

Moshi uliulizwa jioni ile ile. Wazee walitaka kujua nani kafanya kazi kijiji kikiwa na maiti. Dereva akasema ni yeye, aliacha moto bila kuuzima. Wakamtoza jogoo na kilo mbili za sukari za matanga. Nilipomwambia siku nyingine kwamba angenitaja, ningelipa mwenyewe, akasema, "Ungetajwa, wangekuuliza ulikuwa unamlilia nani."

Kwa wiki tatu hakunisemesha zaidi ya salamu. Si kwa hasira, alisema baadaye. Alikuwa anasubiri kujua kama ana haki ya kukasirika. Siku ya kumi na mbili, mzee wa mbuzi alipokwisha kuzikwa na watu kutawanyika, alifungua kisanduku jioni. Rola mbili zilikuwa na malkia waliokufa vyumbani. Saba zilikuwa na malkia hai, kila mmoja akizunguka ndani ya plastiki ya njano kama bibi arusi kwenye kikaushio. Bila rola angekuta mmoja. Alinitumia habari hiyo kwa mdomo wa mwenye boda, neno moja: "Saba." Shukrani haikuwemo. Nilimuuliza mwenye boda mara mbili.

Wengine waliingia kwenye visanduku vidogo; wawili waliruka hawakurudi. Mmoja aliwekwa Mariakani baada ya mama wa zamani kuondolewa, ndani ya rola iliyozibwa kwa asali na sukari ili nyuki wamzoee wakiila njia ya kumfikia. Wakamkubali. Mwenyekiti hakuwa amesahau, maana malalamiko hayafi na mlalamikaji. Mahindi yalipovunwa alikuja, amevaa jaketi kwenye jua, akasimama hatua tano mbele ya Mariakani. Dereva akagonga mzinga kwa kiganja. Wakatoka nyuki kumi hivi, wakamzunguka mwenyekiti, wakarudi ndani.

"Hii ni ile ile?" mwenyekiti akauliza.

"Mzinga ni ule ule. Watu wamebadilika."

"Basi wacha ikae."

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningeandika hasara na kufunga kitabu. Lakini wiki iliyopita alikuja tena mezani kwangu. Amekonda kidogo. Kofia ile ile. Alivuka barabara peke yake, jambo ambalo lilinitisha zaidi ya kukonda.

"Nataka neti," akasema. "Kama ile yako. Ya kufunika uso."

"Yako imechanika?"

"Yangu ni nzima."

Nikamtajia bei. Akalipa. Hakukata hata shilingi. Nikaketi.

"Mzee, una nini?"

Akageuza neti mkononi, akapima matundu kwa njiti ya kiberiti, mazoea tu. Kisha akasema kuna mtu anamwibia asali. Mariakani. Amekuwa akikuta sega moja limekatwa, upande ule ule, kila baada ya siku kadhaa. Moja tu. Kifuniko kimerudishwa, na jiwe juu yake limewekwa pale pale alipoliweka yeye. Zamani hakuna mkono ungeingia mle ukatoka.

"Nilikwambia!" nikasema, ingawa sikuwa nimemwambia. "Umefuga mbwa asiyebweka! Mimi nimechomwa kumi na saba ili wezi wale bila jasho! Weka kufuli. Mrudishe malkia mkali. Mwambie mwenyekiti."

"Ni yule mama," akasema. "Mjane. Nilikuwa nimelala, nikasikia mngurumo unabadilika ukutani. Kidogo tu, kama mtu amepunguza gia. Nikachungulia. Alikuwa na kanga usoni, anafukiza kwa gunzi moja, polepole. Anajua kazi. Nadhani kwao walifuga. Kanga haizuii, kope zinabaki nje. Juzi kanisani jicho lake moja lilikuwa limevimba."

"Na akakwambia nini?"

"Akasema ni vumbi. Nikasema, kweli, vumbi ni jingi mwaka huu."

Lori lilipiga honi nyuma yetu, hakugeuka. Alikunja neti mara mbili, akaikunjua, akaiweka juu ya meza yangu katikati ya rola.

"Sasa nishauri," akasema, "wewe ndiye mtu wa biashara. Mtu anampaje mwizi wake neti, bila mwizi kujua kwamba anajulikana?"

Nimeihesabu kila njia, nikazihesabu tena. Neti bado ipo hapa mezani, imelipiwa. Mwenye kujua aniambie.